Nilivyotoboa Pistoni kwa Kiburi

Mungu apewe sifa, watu wa hapa Manyamanyama, na ninyi wa Kabasa mliokaa huko nyuma itikieni pia, msininunie. Nimepewa dakika chache za kutoa ushuhuda. Mwenyekiti wa akina mama ananijua, ndiyo maana ameshika saa.

Ndugu zangu, lile lori langu la bluu mnalifahamu. Babu yenu alipofariki niliuza ng'ombe, shemeji zangu wakanuna, nikanunua lori. Linabebaga dagaa wa kisiwa cha Rukuba wanaoshushwa Musoma, tunawapeleka Butiama na huku Bunda. Wajukuu saba wanakula na kusoma kwa lori hilo. Mmoja, wa kike, nilimpeleka chuo cha ufundi, akarudi fundi wa injini za dizeli. Nilimtangaza mpaka watu wakawa wananikimbia sokoni.

Basi siku moja tunapanda mlima wa kwenda Butiama, mimi nimekaa mbele na dereva. Lori linajikokota kama ng'ombe mwenye mimba. Honi ikapigwa nyuma. Mama mmoja wa humu humu kanisani, jina silitaji, akatupita na lori lake, akatoa mkono dirishani akanipungia kitenge. Nawaambia, kile kitenge kilinipiga kwenye ini.

Nilipofika nyumbani nikamwambia mjukuu wangu, "Nataka nguvu."

Akafunua boneti, dereva akakanyaga mafuta, yeye akasikiliza. "Bibi, kuna hewa inavuja. Turbo inasukuma hewa iende kwenye injini, nyingine inapotelea njiani. Tuangalie kwanza mpira unaopitisha hewa."

"Nimesema nguvu, wewe unaniambia mpira."

"Tukiongeza dizeli na hewa haitoshi, joto litapanda. Pistoni, kile chuma kinachopanda na kushuka ndani ya injini, itayeyuka."

"Chuma kiyeyuke? Kwani ni samli?"

Nilikuwaga na akili ya ng'ombe, ndugu zangu. Dume akilegea unamwongezea majani na pumba, kesho analima. Nikadhani injini nayo ni hivyo, unailisha tu. Nikamfukuza mjukuu wangu mbele ya dereva. "Nenda ukasonge ugali. Naleta fundi mwanaume." Msinikodolee macho, nimekuja kutubu.

Fundi mwanaume akaja na bisibisi moja na maneno mengi. Akalegeza pampu ya mafuta, dizeli iingie nyingi. "Bibi, hili sasa linapaa." Na kweli likapaa! Wiki mbili nilikuwa malkia wa barabara. Moshi mweusi nyuma kama tunachoma matairi. Mama mmoja wa Kabasa alitoka ameshika shuka lake jeupe limekuwa la kijivu. "Bibi, njoo ufue masizi yako!" Nikacheka, nikaona moshi ndiyo nguvu yenyewe. Tukifika, dereva akiacha injini iungurume kidogo ili turbo ipoe, namfokea, "Zima! Unachoma dizeli ya nani?"

Mwenye kitenge nilimpita mara mbili. Mara ya pili nikamtolea ulimi. Mimi, mwenye vitukuu.

Wiki ya tatu, mlima uleule, magunia ya dagaa mpaka juu, wingu zito linakuja kutoka ziwani. Dereva akasema, "Mama, nipunguze mafuta, injini inagonga."

"Kanyaga."

Akakanyaga. Ikalia ko-ko-ko, moshi ukatoka mpaka chini ya boneti, lori likanyamaza. Dagaa wenyewe si wangu, ni wa wanawake wenzangu walionikabidhi, na dagaa akilowa ni chakula cha kuku.

Nani akatokea? Yeye, mwenye kitenge. Nikainama nikajifanya naokota kitu barabarani.

"Mwenzangu," akasema, "utaokota mawe mpaka lini? Lete magunia."

Lori lake lilikuwa tupu. Tukahamisha, naye amebeba kwa kichwa chake mwenyewe. Tukafunga turubai matone ya kwanza yanaanguka. Hakunicheka. Afadhali angenicheka!

Lori likavutwa mpaka nyumbani. Yule fundi mwanaume simu yangu hajapokea mpaka leo. Mjukuu wangu akavaa ovaroli yake, akaifungua injini. Siku ya pili akaniita, akaniwekea pistoni mapajani.

"Bibi, ingiza kidole."

Kidole gumba kikaingia, kikatokea upande wa pili. Kisha akaniletea ule mpira wa turbo. Umepasuka, klipu yake imelegea. "Huu ndio ulikuwa ugonjwa wote, Bibi." Nililia palepale, kamasi na kila kitu. Lori lilikuwa linaumwa kifua, mimi nikalishindilia chakula.

Kuijenga injini upya kulichukua mwezi mzima. Akabadilisha pistoni, mpira na filta ya hewa. Pampu akairudisha ilivyokuwa, kisha akaongeza kidogo tu, anaongeza, anapima. Mbele ya dereva akafunga saa ndogo ya kuonyesha joto la moshi unaotoka kwenye injini. Mshale ukikaribia alama nyekundu, dereva anapunguza mafuta, anarudisha gia. Mjukuu wangu anasemaga, "Bibi, nguvu nimekupa, lakini ina mpaka." Tukifika mwisho wa safari tunaiacha injini iungurume dakika tatu, turbo ipoe, ndipo tunazima. Hizo dakika mimi nazitumia kusali. Mlima tunaupanda na mzigo wetu, mashuka ya Kabasa ni meupe. Na malori yanatoka Musoma kumfuata mjukuu wangu, madereva wenye ndevu wanamwita Fundi!

Namshukuru Mungu. Namshukuru dereva, aliyevumilia mdomo wangu. Namshukuru mama wa kitenge; nimeahidi kutomtaja, lakini ndiye huyo anayejificha nyuma ya nguzo.

Nawaambia ninyi mlio na magari, na mlio na watoto waliosoma: nguvu ambayo huwezi kuipima itakuunguza. Na anayekijua kitu, hata kama ulimfunga nepi wewe mwenyewe, msikilize.

Mjukuu wangu, simama. Ulisema kweli, nikakutuma jikoni mbele ya watu. Nyumbani nimeshindwa kusema, mdomo wangu mgumu, sasa nasema hapa, nami ni mbele ya watu: nisamehe.

Haya, makofi si yangu, ni yake. Mimi nakaa, magoti yananiuma.