Kina cha Doa

Basi la kwenda hospitali lilikuwa nusu tupu, lakini fundi rangi, ndoo yake mkononi, alikwenda kukaa kando ya mama mshonaji aliyekuwa akiuchungulia ulimi wake kwenye kioo kidogo. Mama alishamweleza: ilikuwa saratani ya ulimi, ikakatwa ingali changa.

"Itarudi?" fundi akauliza, kama mtu anayeulizia mvua. Wengine hawakufundishwa kunyamaza, nami niliyekaa kiti cha nyuma yao nikashukuru.

"Daktari anasema huenda isirudi. Walipima kina chake, si upana tu. Ilikuwa haijazama."

"Hapo kasema kweli. Hata mimi doa la unyevu ukutani siliulizi ukubwa, nauliza limeingia mpaka wapi. Lakini 'huenda' ni jibu gani, mama? Nikimwambia hivyo mwenye nyumba, ananifukuza."

"Na ukimwapia, kisha doa likarudi?"

Fundi akakuna kidevu. "Nabadilisha namba ya simu."

Mama akacheka mpaka akashika taya. "Daktari wangu habadilishi namba. Ndiyo maana anasema huenda, na ndiyo maana akiniita naenda."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui. Wewe madoa unayajua, hebu tazama." Akatoa ulimi.

Fundi akainama. Kondakta akainama. Mimi niliyejifanya nasoma gazeti nikasimama kabisa. Basi likafunga breki mbele ya hospitali, mama akaurudisha ulimi wake, akashuka.

"Umeona nini?" kondakta akauliza.

Fundi akaitazama ndoo yake. "Huenda hakuna kitu," akasema.