Simba Ambaye Sikumwona

Sopa, ndugu zangu. Nimefurahi mmeitikia kwa nguvu, hata nyinyi mliotoka Bisil na baridi hii. Kuna wageni leo, kwa hivyo wacha niseme ukweli jinsi kikundi chetu cha wasimulizi wa wanyama na nyika kilianza. Kilianza na uongo wangu.

Nilikuwa na ukurasa mtandaoni, hapa Kitengela, wa habari za wanyama. Siku moja nilikosa la kuandika. Nikachukua picha ya zamani ya simba, nikasema ameonekana nyuma ya ploti zetu. Ndugu zangu, nawaambia, kufikia saa nne wazazi walikuwa wanatoa watoto shule na wanaume wameshika mikuki. Mama mmoja alikimbilia mbuzi wake malishoni, akaanguka kwa mawe, akavunjika mkono.

Nilifuta picha, nikafunga ukurasa. Lakini aibu haifutiki. Kwa miezi nilikuwa nikizunguka mbali nisipite karibu na boma la yule mama. Hata kanisani nilikaa nyuma.

Mwishowe nikaenda. Nilimkuta nje, mkono umepona lakini haujanyooka vizuri. Nikamwambia yote, nikaomba msamaha. Akauangalia ule mkono, nikajua nafukuzwa. Halafu akaniuliza, "Wewe umewahi kuona simba?"

"Hapana, yeyo," nikamjibu, kwa sababu huku kwetu mama anaitwa hivyo. "Hata mmoja."

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi kuja kesho na viatu vya kutembea."

Tulitembea mpaka jua likawa kali. Alinionyesha nyayo za fisi, na mahali nyumbu walikuwa wanapita kabla ya nyaya za ua kuwekwa. Akanisimulia simba aliyemla ng'ombe wake, na vile aliwazuia wanawe wasiende kumuua, huku yeye mwenyewe analia. Nikaomba kuiandika hadithi hiyo. Akakubali, lakini nimsomee kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Nilimsomea. Alinisahihisha mara nne!

Hiyo hadithi ndiyo ilimleta mchungaji wa mifugo wa Bisil na hadithi zake za twiga. Akaja mwalimu kutoka Ngong. Akaja fundi wa ua, ambaye siku hizi anawaomba wenye mashamba waache nafasi wanyama wapite. Jumamosi ya kwanza tulikuwa watano na thamosi moja ya chai. Leo angalieni, wengine wenu mmekalia mawe!

Asanteni nyote mlionikubali mkijua nilichofanya. Na yeyo, ashe oleng. Asante sana.

Langu ni hili: ukiwa umeumiza mtu kwa maneno, kunyamaza peke yake hakuponyi. Enda kwake, uketi, umsikilize.

Sasa nakaa. Yeyo ako na hadithi ya fisi, na ameniambia nisimalize muda wake.