Wasifu wa Mzee Waya na Gitaa Lake la Buluu

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Mei 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli nyuma ya karakana ya mabehewa, akiwa mtoto wa tatu wa baba seremala na mama muuza maziwa. Mama yao alipenda kusimulia kwamba mtoto huyo alichelewa kusema lakini aliwahi kusikia. Kabla hajajua kutamka neno "baba", alikuwa akigeuza shingo kuelekea mlangoni baba mwenyewe angali barabarani, kwa kuwa alikwisha kuujua mlio wa baiskeli yake kati ya baiskeli zote za mtaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1958 na kuhitimu chuo cha ufundi, tawi la umeme, mwaka 1971. Chuoni ndiko alikokutana na mwenzake ambaye wote waliopo hapa wanamfahamu kwa jina la Solo. Walikaa benchi moja, wakalala chumba kimoja, wakavaliana mashati. Walipounda bendi ya chuo, Solo alipiga gitaa la mbele na Marehemu akapiga la kati, lile ambalo watu hulicheza bila kujua kwamba wanalisikia. Muziki ulipokwisha, wasichana walimzunguka Solo, naye Marehemu alibaki jukwaani akikunja waya za spika. Hapo ndipo jina la Waya lilipomganda, na baadaye, mvi zilipoingia, likawa Mzee Waya.

Aliajiriwa katika jengo la simu la mjini tarehe 1 Julai 1972, akiwa fundi wa mitambo, na akatumika hapo hadi alipostaafu mwaka 2006. Wenzake wa kazini walisema kwamba wao walitafuta hitilafu kwa vipimo, lakini yeye aliweka kwanza kipokeo cha simu sikioni, akafumba macho, kisha akasema, "Huyu maji yamemwingia," na kweli wakienda wanakuta bomba la waya limejaa maji. Hakuwahi kujisifia jambo hilo. Alilipenda tu, kama mtu anavyopenda chai yake.

Tarehe 17 Desemba 1977 alifunga ndoa na dada yake Solo, fundi cherehani, ambaye leo ndiye mjane. Katika sherehe Solo alisimama na glasi yake akasema, "Nimekupa dada yangu. Sasa huna pa kunikimbilia." Watu walicheka, na Marehemu alicheka kuliko wote. Walijaliwa watoto watatu.

Mapenzi yake kwa magitaa ya umeme yalianza upya mwaka 1983, ukumbi mmoja wa starehe ulipofungwa na vyombo vyake vikatupwa uani. Aliokota gitaa lililovunjika shingo, akalibeba begani hadi nyumbani kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Alilitia gundi, akalibana kwa vibanio vya babake seremala, akalibadilisha nyuzi, na siku ya kwanza lilipotoa sauti akamwita mkewe kutoka jikoni aje asikie. Tangu hapo hakukuwa na kurudi nyuma. Aliyatafuta kwenye maduka ya vitu vikuukuu, kwenye maghala, kwa wajane wa wanamuziki. Chumba cha wageni kikaacha kupokea wageni. Mkewe aliwaambia mashoga zake, "Wenzangu mnaogopa mke mwenza mmoja. Mimi ninao chumba kizima, na wote wana shingo ndefu kuliko yangu."

Lakini hakuwa mtu wa kurundika. Kilichomkosesha usingizi ni tofauti. Kwa nini magitaa mawili ya mti uleule, nyuzi zilezile na mpigaji yuleyule yaseme kwa sauti mbili? Kila Jumapili alasiri alifunga pazia kati ya sebule na meza ya chakula, akakaa nyuma yake na magitaa mawili na amplifaya moja, akapiga wimbo uleule kwa moja, kisha kwa jingine. Wasikilizaji walikaa upande wa pili na kusema ni lipi walilolisikia. Ilikuwa marufuku kuchungulia. Watu walibishana humo kama wako bungeni. Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, aliwahi kulisifu gitaa moja kwa robo saa, "tamu, lina umri, lina hekima", na pazia lilipofunguliwa likawa ni lile la bei rahisi la mtoto. Mwalimu aliendelea kuja kila wiki, na kila wiki walimkumbusha.

Gitaa alilolipenda kuliko yote ni la buluu. Kiwiliwili chake alikikuta kwa kinyozi, kimepigiliwa misumari ukutani, wateja wanatundika makoti. Shingo yake aliipata miaka miwili baadaye mahali pengine kabisa. Koili yake, ile sumaku iliyozungushiwa waya chini ya nyuzi, ambayo ndiyo hulisikia gitaa na kulipeleka kwenye spika, ilikuwa imekufa. Koili kama hiyo haikupatikana dukani. Basi Marehemu alifunga mota ya cherehani ya mkewe juu ya meza, akaizungushia ile koili upya waya wa shaba mwembamba kuliko unywele. Yeye aliongoza waya kwa vidole, mkewe alikanyaga pedali. Waya ulikatika mara nyingi, wakaanza tena. Mwishowe mkewe akaifunga ile koili kwa uzi wake mwenyewe wa kushonea, wa kijani, kwa fundo analofungia vifungo vya makoti. Sauti iliyotoka humo, waliokuwa wakija Jumapili wanaikumbuka. Mle nyuma ya pazia hakuna aliyelikosea hata siku moja.

Mwezi Agosti 2013, Solo alikuja kuliazima. Bendi zake zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, naye alikuwa amepata nafasi ya kurekodi tena baada ya miaka mingi.

"Shemeji, nipe lile la buluu," alisema. "Nataka nisikike kama zamani."

"Chukua," Marehemu alimjibu. "Ila usiliache kwenye gari juani."

Maongezi yalikuwa hayo tu. Hapakuwa na kuandikishana wala kuapishana. Huyu alikuwa mtu aliyelala naye chumba kimoja.

Wiki chache baadaye Solo alilirudisha, limepigwa rangi ya kung'arisha, linameremeta. Alipoondoka, Marehemu alilichomeka, akapiga mara moja. Akapiga tena. Mkewe, aliyekuwa akipima kitambaa, alimwona akiliweka chini taratibu.

"Siyo yeye huyu," alisema.

"Nani siyo yeye?"

"Huyu. Wamemtoa roho."

Aliligeuza, akafungua kibati. Koili iliyokuwa ndani ilikuwa mpya, ya kiwandani, imeungwa haraka haraka kwa risasi ya kuchomelea. Alimpigia simu Solo palepale, tena kwa upole, kwa kuwa alidhani labda fundi wa studio ndiye aliyefanya mchezo. Solo alicheka. "Shemeji, unaota. Hiyo ndiyo koili yako. Umri huo, masikio yanachoka, ni kawaida."

Angeishia hapo, Marehemu angemeza. Lakini Solo hakuishia hapo. Alimwambia dada yake kwamba mumewe ameanza kusikia visivyokuwepo. Aliwaambia watoto wamwangalie baba yao, asije akapotea njiani. Kwenye kikao cha familia alimshika Marehemu bega mbele ya watu na kusema kwa huruma, "Tusimlaumu mzee wetu, uzee ni ugonjwa." Aliuma, akapuliza. Watoto walimpeleka baba yao kwa daktari wa masikio, ambaye alipima kwa uangalifu na kusema ukweli wake, kwamba masikio yamepungua kidogo kama ya mtu yeyote wa rika lake. Nyumbani, hiyo "kidogo" ikawa ndiyo hukumu. Fundi aliyesikia maji ndani ya bomba chini ya ardhi akawa mzee wa kusemeshwa kwa sauti ya juu mezani.

Jumapili zilikufa. Wasikilizaji waliendelea kuja kwa muda, lakini Marehemu alipotoa maoni yake waliangaliana, naye aliwaona. Siku moja alikunja pazia, akamwambia mkewe alishone liwe mto. Magitaa aliendelea kuyatengeneza, ila hakumwita tena mtu aje asikie.

Wimbo mpya wa Solo ulipoanza kupigwa redioni, ulipendwa sana. Marehemu aliusikia akiwa anakula. Akaacha kijiko hewani.

"Mama watoto, ile ni koili yetu."

Mkewe, ambaye hadi leo analia akilikumbuka jibu hilo, alimwambia, "Kula, mume wangu, chakula kinapoa."

Hayo yaliendelea kwa miaka minane. Solo alikuwa akija nyumbani kama kawaida, anakula, anataniana na wajomba na mashangazi, anamuuliza Marehemu, "Masikio yanasemaje leo?" Marehemu hakuwahi kumfukuza. Alimkaribisha kiti, kisha akaenda zake chumbani kwa magitaa na kufunga mlango.

Mwezi Oktoba 2021 gitaa jeupe alilokuwa akilipiga Solo miaka hiyo lilianza kuunguruma. Alilipeleka kwa fundi redio wa sokoni, mama mmoja mcheshi, asijue kwamba mama huyo alikuwa mmoja wa wasikilizaji wa Jumapili. Fundi alifungua kibati akaona koili iliyozungushwa kwa mkono, imefungwa kwa uzi wa kijani, na fundo la koti. Hakugusa kitu. Alimpigia simu mke wa Marehemu na kumwambia, "Dada, njoo uangalie kazi yako."

Mke wa Marehemu alikwenda, akaliangalia fundo lake, kisha akaenda moja kwa moja kwa kaka yake. Hakukaa kitini.

"Kaka, umeniibia mimi au mume wangu?"

Solo alianza kukana, akaliona jicho la dada yake, akaacha. "Yeye angelipiga wapi?" alisema. "Nyuma ya pazia, kwa walimu wastaafu. Mimi nilikuwa naitafuta sauti ile tangu ujana. Nilitaka mara moja tu, kabla sijafa, watu wageuke waniangalie."

"Na masikio yake? Yalikukosea nini?"



Solo alikuja mwenyewe siku iliyofuata, ameibeba ile koili ndani ya leso. Marehemu alikuwa ameanza kuumwa figo, amekaa kitandani na mto mgongoni. Aliipokea, akaigeuza, akaupapasa ule uzi kwa kidole gumba kwa muda mrefu.

"Solo," alisema, "koili ningekupa. Ungeniomba, ningekufungia mwenyewe na kukusindikiza studio."

"Najua, shemeji."

"Kama ulijua, ndiyo mbaya zaidi. Kuiba ni kuiba, mtu anaweza kuibiwa na kesho akala. Lakini wewe uliwachukua wanangu wote, mmoja mmoja, wakaacha kuniamini ndani ya nyumba yangu. Hiyo utairudisha kwa leso gani?"

Solo alilia. Marehemu alimwagizia chai, akamwacha ainywe hadi mwisho, kwa kuwa alikuwa mgeni. Hakumtukana, wala hakumwambia kwamba yamekwisha. Watoto walikuja wakamwomba radhi baba yao, kila mmoja kwa wakati wake, na aliwapokea. Alimwambia kifungua mimba wake kwamba hana kinyongo nao, ila wasimlazimishe kusahau, kwa sababu ndani ya miaka ile kuna siku ambazo hata yeye mwenyewe aliamini kwamba amechanganyikiwa, na hizo siku hakuna atakayemrudishia.

Koili ile hakuirudisha kwenye gitaa la buluu. Alisema mikono yake inatetemeka na hataki kuifanya kazi hiyo vibaya. Fundi redio alijitolea kumsaidia, akakataa kwa adabu.

Maradhi ya figo yalimzidi kuanzia mwaka 2022. Alitibiwa katika hospitali ya rufaa ya mjini, na familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa muuguzi wa wodi ya wanaume aliyemruhusu kuwa na gitaa moja dogo kando ya kitanda bila kulichomeka. Alifariki asubuhi ya tarehe 2 Februari 2024, mkewe akiwa amemshika mkono.

Wasifu huu alisomewa wiki mbili kabla ya kufariki. Mkewe aliuliza kama ile habari ya koili iondolewe, kwa heshima ya familia. Marehemu alisema, "Iacheni. Nilisemwa mbele za watu, nisafishwe mbele za watu." Kisha akaomba arudiwe orodha ya wafiwa. Iliposomwa "na rafiki yake wa tangu ujana", aliinua mkono.

"Hapo andika shemeji," alisema. "Shemeji ni haki yake, hakuna wa kumnyang'anya. Hilo la rafiki lifute."

Mkewe alimuuliza mara mbili. Alijibu vilevile mara zote mbili, na alikuwa na akili zake timamu.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada mmoja, na shemeji mmoja.

Apumzike sasa kwa amani, mahali ambapo hakuna atakayembishia alichokisikia.