Nilibaki na Begi

Kwenye treni ya asubuhi, fundi cherehani aliyekaa mbele yangu alikuwa akimweleza kinyozi asiyemjua jinsi wachawi wa mvua wanavyopatikana. Treni ndivyo zilivyo: siri aliyofichwa mume hupewa jirani wa kiti.

"Uchawi hauendi kwa damu," alisema. "Mchawi akikata roho, unamwingia aliyemshika mkono. Shangazi yetu alikuwa mchawi wa mvua; nimemuuguza mimi, nimemwogesha mimi. Siku ya mwisho ndipo mdogo wangu anafika kutoka safari, nami kwa adabu zangu nikatoka kumpokea begi. Yeye akapitiliza ndani, akamshika shangazi mkono. Kufumba na kufumbua, mwenzangu anaita mvua, mimi nimesimama mlangoni na begi!"

"Pole, dada," kinyozi alisema. "Lakini mchawi huzaliwa. Ungemshika hata miguu, usingepata kitu."

"Wewe ulikuwepo?"

Kinyozi akageukia dirisha. Hata mimi niligeukia dirisha, na sikuwa nimesema neno.

"Wala simwonei kijicho," fundi akaongeza, kwa sauti ya mtu ambaye kijicho kimemkaba koo. "Namtakia heri. Huko huko aliko."

Treni iliposimama, mwanamke aliyefanana na fundi kama shilingi kwa ya pili alikuwa akimngoja stesheni, amenyoosha mikono. "Dada, karibu! Lete begi nikupokee."

"Thubutu!" Fundi akalikumbatia begi lake kifuani. Mdogo wake akainua kiganja, nalo likaanza kupaa lenyewe, taratibu; fundi hakuliachia, akainuka nalo hata viatu vikamtoka miguuni vikabaki chini.