Sardarji Ale Kwanza

Baraza letu ni la mawe, lipo uchochoro wa ndani, karibu na Lango la Delhi, hapa Lahore. Jioni ile tulikuwa wanne na birika la chai ya maziwa, na hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Asubuhi alitujia mzee wa Kalasinga, ndevu nyeupe, kilemba cha buluu, amevuka mpaka na mahujaji wenzake. Alisema alizaliwa mtaa huu, akaondoka mtoto mwaka ule nchi ilipokatwa vipande viwili. Alitaka kitu kimoja tu: aonane na mtu yeyote aliye hai anayewakumbuka watu wa kwao. Basi lao lingeondoka alasiri. Tukamwambia, utaonana naye, Sardarji, lakini kula kwanza. Kwetu kila Kalasinga huitwa Sardarji, kwa heshima. Tukamlisha na kumtembeza mpaka muda ukaisha. Basi lilipong'oka alikuwa dirishani, analia.

Redio, kinyozi wetu asiyeweza kukaa na habari tumboni, ndiye aliyeanza.

Redio: Mimi nasema ni pilipili. Ule mchuzi wa dengu ulikuwa moto.

Pehlwani: We bwana, acha zako. Mpunjabi alie kwa pilipili? Kala puri, kala halwa, na maziwa ya lassi kayamaliza.

Pehlwani alipiga mieleka zamani. Sasa kabaki na shingo tu, ila sauti ni ileile.

Redio: Alimaliza kwa adabu. Wewe ulimsimamia kichwani.

Pehlwani: Na nani alitaka kumpa supu ya kwato? Nyama ya kuchinjwa kwa Bismillahi, kwa Kalasinga, na kwao ni mwiko! Ungetutia aibu.

Redio: Nilisahau! Si niliirudisha?

Mwalimu: Nyamazeni. Ile ni historia. Pale ngomeni alisimama kimya kabisa. Mfalme wao aliketi pale. Mtu akiona enzi ya kwao imebaki matofali, lazima alie.

Mwalimu alistaafu zamani, lakini bado anaongea kama ana chaki mkononi.

Mimi: Hakutazama matofali, Mwalimu. Alikuwa anatazama saa.

Nikamimina chai ambayo hakuna aliyeiomba, kwa sababu nilikuwa na uchungu na sikujua niuweke wapi.

Redio: Basi ni dhahabu. Wengi walifukia dhahabu chini ya sakafu kabla ya kukimbia. Kaja kuitafuta, kakuta pamejengwa.

Pehlwani: Dhahabu wapi! Mpelelezi yule.

Redio: Mpelelezi? Ngazi za msikiti tulimpandisha kwa kumshika mikono!

Pehlwani: Haohao ndio hawashukiwi.

Mwalimu: Astaghfirullah, Pehlwani. Mgeni wetu!

Pehlwani akainamisha kichwa. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

Pehlwani: Aliniambia pale kwenye lassi. "Mwanangu, tumbo langu dogo na siku ni fupi. Nipeleke kwa huyo mtu." Nikamjibu, bado samaki.

Mimi: Kwa nini hatukumpeleka moja kwa moja kwa Bibi Rashidan, anayewakumbuka watu wa enzi zile? Si yupo juu hapa hapa?

Mwalimu: Tungempelekaje na njaa? Bibi angelazimika kumpikia, na jikoni kwake unajua hali. Angeona haya. Tulisema ashibe kwanza, ndipo apande kusalimia tu.

Alisema kweli. Kila mmoja wetu angefanya vilevile, na ndiyo maana iliniuma zaidi.

Mlango ulio nyuma yetu ukafunguka. Bibi Rashidan, ambaye miaka sasa hashuki ngazi, alikuwa amesimama pale na mkongojo wake, shela amelivaa upesiupesi. Tukainuka wote.

Bibi: Nimesikia kuna mtoto wa mtaa amerudi. Yuko wapi?

Mwalimu: Ameondoka, Bibi. Saa hizi wameshavuka mpaka pale Wagah.

Hakutugombeza. Angetugombeza ingekuwa afadhali. Pehlwani akamshika mkono, akamketisha barazani.

Bibi: Makalasinga wa mtaa huu walikuwa nyumba moja tu. Ndugu wawili, Harcharan na Kirpal. Tulicheza pamoja hapa hapa. Walipoondoka nikasikia mmoja ameuawa kwenye treni. Yupi, hakuna aliyejua kuniambia. Nimewaombea wote wawili, kwa sababu sikujua nani hai, nani maiti.

Akashusha pumzi.

Bibi: Huyu aliyekuja, jina lake nani?

Pehlwani akamtazama Mwalimu. Mwalimu akanitazama mimi. Redio, ambaye hajawahi kukosa neno, alikuwa anatazama viatu vyake. Siku nzima tulimwita Sardarji.

Bibi: Jina lake tu, wanangu.