Ahadi ya Mama kwa Mtu Asiyempenda

Ndugu waombolezaji, mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1936, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa tatu wa fundi wa mabehewa na mshona nguo, akasoma shule ya mtaani hapo, kisha chuo cha ukunga, alikohitimu mwaka 1957, na kwa kauli yake mwenyewe, alihitimu zaidi kwa ubishi kuliko kwa masomo. Tarehe 8 Agosti 1959 alifunga ndoa na baba yetu, fundi seremala, mtu wa maneno ya kuhesabu, wakajaliwa watoto wanne.

Mwaka 1962 wakunga walimchagua awe mjumbe wa kikao kilichoandika Tamko la Taifa, na humo ndimo alimokutana na Wakili, ambaye tumekaa naye hapa leo, wakakwaruzana tangu siku ya kwanza. Wakili alitaka tamko liishie kwenye kutangaza uhuru, watu wakale, ila mama akashikilia kwamba karatasi inayotaja tunachodai, bila kutaja kila mmoja wetu atatoa nini, ni barua ya maombi tu. Wakili akasema basi ahadi iwe kwa taifa, mama akamjibu kwamba taifa halina mlango wa kugonga mtu akipatwa na shida. Tamko likafungwa kwa maneno aliyoyang'ang'ania: tunaahidiana, sisi kwa sisi, uhai wetu, mali zetu na heshima zetu.

Tarehe 3 Februari 1967 Wakili alikamatwa kwa kuisema serikali, wenzake waliotia saini wakaufyata, na mahakama ilipotaka mdhamini mwenye nyumba, mama alipeleka hati ya nyumba yetu, ambayo baba alikuwa hata hajamaliza kuipaua. Baba aliumia, tusifiche, akahamishia godoro lake kwenye karakana yake ya useremala, nasi watoto tulijua kwamba Wakili akitoroka tutalala nje. Hakutoroka, kesi ikafutwa, lakini mama aliondolewa hospitali kuu, akapelekwa zahanati ya mbali hadi alipostaafu mwaka 1991. Alipoulizwa kama alimpenda Wakili kiasi hicho, alisema kwamba kama angempenda, ahadi isingehitajika.

Mnamo Novemba 2015 moyo ulianza kumsumbua, akawa wa kulazwa na kutoka, na Wakili alikuja kumwona karibu kila alasiri, wakabishana mpaka muuguzi akawaomba wapumue. Alifariki asubuhi ya tarehe 9 Juni 2016, mkono wake ukiwa mkononi mwa baba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia, na wakunga wenzake waliokesha nasi.

Kati ya wote waliotia saini, sasa amebaki Wakili peke yake. Jana baba alituita, akasema kwamba Wakili akikwama kwa lolote, hati ya nyumba iko kabatini, na hakuna haja ya kumwuliza yeye baba kwanza.

Pumzika kwa amani, mama, mwenzako wa ahadi ana watu.