Bi Iole na Farasi Wasiobusiana

Tarehe 30 Juni Bi Iole Bertazzoni anaweka mwiko wake wa chokaa chini. Ni miaka thelathini na tisa ya kupanda ngazi hapa kasrini. Magoti yamegoma, na mwenyewe anasema amechoka. Siyo kwa ubaya. Amechoka tu.

Alianza kwa kukoroga chokaa. Baadaye akapewa mapambo ya dari, maana jicho lake lilikuwa kali. Mapambo yetu yametoka kwenye karatasi za zamani. Miaka mia tano nyuma, wachongaji walishuka na mienge kwenye vyumba vya Warumi vilivyofukiwa, wakachora walichokikuta ukutani: majani, vinyago, farasi wenye mikia ya samaki. Wakachonga kwenye shaba, wakachapa, na vitu vilivyolala gizani vikatembea tena mpaka huku kwetu mjini Mantova. Bi Iole anazijua karatasi hizo kuliko sisi wote. Sikio la simba likidondoka, haulizi mtu.

Kujua huko ndiko kulikomponza. Mwaka 1996 unyevu uliangusha farasi wote wa chokaa wa ukuta mmoja wa ukumbi mkubwa. Bi Iole akafikiri: picha ya shaba ikichapwa hutoka imegeuka, kama uso kwenye kioo, basi lazima niigeuze irudi sawa. Kumbe mafundi wa zamani waliifuata karatasi vilevile ilivyo. Wiki sita alifinyanga farasi kumi na mmoja, ukuta wa jirani ukiwa umefunikwa turubai. Turubai lilipotolewa, farasi wake wa mwisho na yule wa zamani wa ukuta wa jirani walikuwa wamegonganisha pua kwenye kona.

"We Iole! Wanyama wako wanagongana huku!" akapiga kelele msimamizi wetu, Attilio, toka chini.

"Waache wabusiane, wametoka mbali!"

Tukaambiwa watu walicheka sana. Kesho yake jukwaa la mafundi likashushwa bila kurekebisha, maana wageni walikuwa wanasubiri kuingia. Halafu waongoza wageni wakalidaka lile neno: eti mtawala wa zamani aliwaagiza farasi wabusiane kwa heshima ya bibi harusi wake. Sasa kila Jumamosi maharusi wanapiga picha pale. Bi Iole yuko juu ya ngazi anasikia, anashusha pumzi, anaendelea. Ameomba kurekebisha mara nne. Jibu ni lile lile: watu wanapapenda.

Hata kwa jarida hili letu la wafanyakazi, ofisi ilitaka tuandike kwamba busu hilo ndiyo kazi yake bora. Tukampelekea asome saa ya chakula. Alisoma polepole, torteli zake, vile vitambi vilivyojazwa boga, zikapoa. Akavua miwani.

"Sikilizeni wanangu. Kuwageuza wale farasi siwezi tena, sina magoti. Andikeni tu nilikosea. Msiponiandikia, naondoka na uongo mgongoni."

"Utavunja ndoa za watu wewe," Attilio akamtania.

"Nimewakorogea chokaa nzuri. Hazivunjiki."

Basi tunaandika. Farasi wa ukumbi mkubwa hawabusiani. Iole Bertazzoni aliwageuza kwa makosa mwaka 1996. Atakayepanda jukwaa pale siku nyingine ajue walitakiwa kuelekea dirishani. Na akiwagusa ataona hakuna hata mmoja aliyepata ufa.

Asante, Bi Iole. Shuka taratibu. Tunakuombea siku nyepesi, na nyumba isiyo na ngazi.